Mzigo Uko kwa Nani?

MAMA GLORY: Haya, tunarekodi. Msikilizaji, ukisikia ngoma huko nyuma usidhani tumeongeza muziki. Ni mvua ya Moshi juu ya bati. Tuko chumba cha nyuma cha banda langu la ushonaji, karibu na soko la Mbuyuni, cherehani nimeizima, na kila kitu kimetulia isipokuwa mbingu. Shemeji, shimboni!

BABA EMA: Shimboni, mae. Leo siku ya sita mlima haujaonekana.

MAMA GLORY: Ndiyo maana wewe unaonekana. Kwa wageni wa kipindi hiki, Baba Ema ni gaidi.

BABA EMA: Gaidi wa mlima, shemeji! Malizia sentensi, kuna watu wanatusikiliza wako mbali.

MAMA GLORY: (anacheka) Anapandisha wageni Kilimanjaro. Na leo nimemleta kama mshitakiwa. Kesi yenyewe ni ya baba anayetaka kazi iende, watoto wamwone, na yeye mwenyewe ajiendeleze. Vyote vitatu. Unakiri?

BABA EMA: Nakiri, ila nipe nafasi nieleze kalenda ya mlima, maana watu wanadhani mimi nikikosekana nyumbani ni tabia. Msimu wetu mkubwa ni Juni mpaka Oktoba. Halafu kuna ule wa Desemba, Januari, hadi Machi mwanzoni kabla masika hayajaanguka. Sasa chukua kalenda ya shule uiweke pembeni. Likizo ndefu ni lini?

MAMA GLORY: Juni na Desemba.

BABA EMA: Basi. Shule ikifunga, mlima unafungua. Desemba Wachaga wote wanarudi, Dar inahamia huku, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina moshi wa nyama, wanangu wanakimbizana na binamu zao Kibosho. Mimi niko kambi ya Barafu usiku, nahangaika na zipu ya hema la mgeni iliyogoma. Halafu Mei hii sina mgeni hata mmoja, niko nyumbani kutwa, na watoto wako shule.

MAMA GLORY: Pole. Ila huyu Neema, wa pili, si alizaliwa haupo?

BABA EMA: Nilijua utafika huko. Nilikuwa njia ya Lemosho, siku ya tatu kati ya nane. Nilishuka geti la Mweka mtoto ana siku tano, na bibi yake ameshampa majina yote mawili. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye kwenye gari akaniambia sheria ya kazi inampa baba siku tatu, azitumie ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Nikapiga hesabu: kumbe bado nina mbili! Halafu nikakumbuka hizo ni za mwajiriwa. Mimi naitwa kwa simu. Sina likizo, nina kutokuitwa.

MAMA GLORY: Mama ana siku 84, mapacha 100. Baba tatu. Ni kama walidhani baba anakuja kusalimia.

BABA EMA: Na huyo ni mwenye mkataba. Mwenye bodaboda, fundi ujenzi, mwenye duka, sisi hata hizo tatu tunazisikia redioni.

MAMA GLORY: Lakini siku hizi si mna mtandao huko juu?

BABA EMA: Upo. Mwaka 2022 TTCL, kampuni ya simu, walipeleka intaneti mlimani. Mwezi wa nane ikafika kambi ya Horombo, mita 3,720, na Desemba ileile wakaifikisha kileleni. Nikasema sasa nimepona, nitakuwa baba hata nikiwa kazini. Jioni moja nipo Horombo, mama Ema ananitumia picha ya daftari, Ema kapewa hesabu za kugawanya. Nikavua glavu, vidole kama barafu, nikamfanyia zote tano nikarusha. Kesho yake mwalimu kapiga mikasi mitatu.

MAMA GLORY: (anacheka) Mbili kwa tano!

BABA EMA: Kichwa cha mita 3,720 hakigawanyi vizuri, shemeji. Kilichoniuma ni Ema. Hakulalamika. Safari iliyofuata hawakunitumia tena. Alimpelekea kijana wa jirani.

MAMA GLORY: Hapo ndipo ningeshtuka mimi. Mtoto akilia baba hayupo, bado anakudai. Akishapata pa kwenda...

BABA EMA: Amekusamehe deni. Na deni la namna hiyo hutaki lisamehewe.

MAMA GLORY: Sasa tuje kwenye kile Kijerumani chako.

BABA EMA: (anashusha pumzi) Tuje. Mlimani, ukijua Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, simu inalia zaidi. Kiingereza kila mtu anacho. Kwa hiyo nikajiandikisha, Jumatatu na Jumatano jioni, na siku nyingine najisomea nyumbani saa mbili mpaka saa nne usiku. Meza ya chakula ikawa yangu. Nikipaza sauti kidogo tu, "jamani, baba anasoma," nyumba nzima inatembea kwa vidole. Na nilikuwa najisifu. Wenzangu wako baa Majengo, mimi niko na daftari.

MAMA GLORY: Nyie! Ngoja nikwambie na mimi, ili usijione uko peke yako kizimbani. Baba Glory alishikwa na mbio. Ile Kilimanjaro Marathon ya mwisho wa Februari, akasema mwaka huu anakimbia kilomita 21. Mazoezi yakaanza Novemba. Kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri anatoka, anashika njia ya msitu wa Rau, anarudi saa tatu kaloa, anakunywa mtori vikombe viwili, analala mpaka saa saba. Wanaume wote mtaani wanamsifu, "Shemeji wetu ana nidhamu!" Mimi Jumamosi ndiyo siku wateja wa sare za harusi wanakuja kupima. Nina mita ya kitambaa mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Alimaliza mbio Uwanja wa Ushirika, nikashangilia kweli, sikuigiza. Medali iko ukutani. Lakini mimi nikiitazama naona Jumamosi zangu kumi na tano zimening'inia pale.

BABA EMA: Umemwambia?

MAMA GLORY: Namwambia sasa. Anasikilizaga hiki kipindi.

BABA EMA: (anacheka) Mimi nilichoelewa nimekielewa getini, si nyumbani. Wewe unajua pale getini mizigo inapimwa? Kila mgumu, yaani mpagazi, mzigo wake unawekwa kwenye mizani, haitakiwi kuzidi kilo 20. Sasa mgeni akisema begi lake la mgongoni limemchosha, namwambia hakuna shida, atoe. Anatoa kilo nne. Anajisikia mwepesi, anaanza hata kuimba. Zile kilo nne zimekwenda wapi?

MAMA GLORY: Mgongoni kwa mtu.

BABA EMA: Haziyeyuki. Na mimi ndiye ninayesimamia hilo kila safari, nakagua nani kabeba nini, nagomba mtu akizidishiwa. Nikirudi nyumbani sikagui. Nilikuwa mgeni anayeimba.

MAMA GLORY: Nani alikushtua?

BABA EMA: Muuza ndizi. Hapo hapo Mbuyuni. Ananifungia mkungu, ananiuliza, "Mama Ema hajambo? Tumemkosa sana, hesabu za kikundi zimeharibika tangu aache." Nikamjibu hajambo, kama najua anachozungumzia. Kumbe mke wangu alikuwa mtunza hazina wa VICOBA yao, kile kikundi cha kuweka na kukopa, na alishaacha miezi minne nyuma.

MAMA GLORY: Wanakutana Jumatano jioni.

BABA EMA: Jumatano jioni. Mimi niko darasani nasema *guten Abend*, watoto hawana wa kubaki naye. Hakuniambia kwa sababu, hili alilisema baadaye, alijua nitajibu "lakini hii ni kwa ajili yetu." Na kweli ningejibu hivyo hivyo, neno kwa neno.

MAMA GLORY: Hilo "kwa ajili yetu" lina ukali wake. Huwezi kubishana nalo. Mtu akisema anakunywa, utamgombeza. Akisema anasoma kwa ajili ya watoto, utasema nini?

BABA EMA: Usiku ule sikufungua daftari. Tukakaa. Sikuomba msamaha mrefu, naye hataki maneno marefu. Aliniuliza jambo moja: "Aprili na Mei unafanya nini?"

MAMA GLORY: Hapo sasa.

BABA EMA: Tukapatana masika nyumba ni yangu. Asubuhi yote, jioni yote, sare, uji, daftari, kliniki kama ipo. Na nikakatazwa neno "kusaidia".

MAMA GLORY: Safi kabisa! Mtu anasaidia kwa jirani. Kwako unafanya kazi.

BABA EMA: Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Gari la shule linapita saa kumi na mbili na robo. Mimi naamsha watu usiku wa manane waende kileleni, mgeni analia, anatapika, namvalisha mpaka soksi, tunaondoka kwa wakati. Watoto wawili wakanishinda! Huyu kiatu kimoja, yule sweta bado imelowa kwa sababu nilifua jioni na masika haya haikauki. Mama Ema kajifunika shuka kichwani, najua hajalala, nasikia anacheka.

MAMA GLORY: Hakutoka kukuokoa?

BABA EMA: Hakutoka. Na nashukuru. Angetoka mara moja tu, ningerudi kuwa mgeni. Siku ya nne hivi akaja mama yangu kutoka Kibosho, hakupiga simu, ana kikapu cha parachichi. Akanikuta uani nimekalia kigoda, nasugua kola ya shati la shule. Akasimama. Akaniangalia. Akasema, "Mwanangu, mkeo anaumwa?"

MAMA GLORY: (anacheka sana) Mama wa watu!

BABA EMA: Nikamwambia mzima, yuko kwenye kikao. Akakaa kimya muda, akavua kanga ya begani, akachukua shati lingine. Nikajua sasa nitasemwa ukoo mzima. Akaniambia, "Unasugua vibaya. Sabuni iache iingie kwanza."

MAMA GLORY: Hiyo ni baraka kamili. Usitafute nyingine.

BABA EMA: Nimeichukua hivyo hivyo.

MAMA GLORY: Na Kijerumani? Umekitupa?

BABA EMA: Sijakitupa, kimehama. Zamani nilikuwa nawafukuza mezani, sasa tunakaa wote, saa moja mpaka mbili, kila mtu na daftari lake. Ema yuko darasa la nne, ana mtihani wa taifa mwaka huu, kwa hiyo naye anatafuta mwenzake wa kuteseka naye. Kasi yangu imeshuka, nisidanganye. Kurasa nilizomaliza kwa wiki sasa zinachukua tatu. Ila nimebandika maneno kila mahali, kwenye friji, mlangoni, na Neema ana miaka saba anayashika kuliko mimi. Juzi nasoma kwa sauti *die Berg*, kitoto kinaniambia bila kuinua kichwa, "*Der Berg*, baba." Mlima! Neno la kazi yangu!

MAMA GLORY: Mpandishe yeye wageni.

BABA EMA: Nimeshamwambia hivyo.

MAMA GLORY: Sasa shemeji, mimi nina swali baya. Leo Mei. Mwezi ujao msimu unafungua. Wewe huyo, unapanda. Ile sabuni inabaki na nani?

BABA EMA: (kimya kidogo) Hilo hatujalimaliza. Juni nitaenda, nisipoenda hatuli. Mwaka mzima hauwezi kugawanywa sawa kila siku, kwetu haiwezekani, labda kwa mtu wa ofisini mwenye saa zake 45 kwa wiki. Tulichokubaliana ni Jumatano isiguswe. Amerudi VICOBA, wamemrudishia kitabu. Kwa hiyo tipu ya safari yangu ya kwanza, kabla sijanunua hata soksi, inamlipa binamu yake mama Ema aje kukaa na watoto Jumatano zote za msimu.

MAMA GLORY: Kwa hiyo mzigo umempa mgumu mwingine.

BABA EMA: Kwa malipo. Na umepimwa.

MAMA GLORY: Umepimwa, sawa, nakubali kidogo. Na huyo binti, yeye jioni zake alikuwa anazifanyia nini?

BABA EMA: Anajifunza kusuka.

MAMA GLORY: Jumatano?

BABA EMA: ...Sijamuuliza.

MAMA GLORY: Baba Ema.

BABA EMA: Nimesikia, shemeji. Nitamuuliza leo leo.

MAMA GLORY: Simu yako inawaka hapo chini ya kitambaa. Ni kampuni?

BABA EMA: Ni Ema. Hallo? ... Ndiyo, nakuja... Ndizi za mtori, najua, nimesema nitanunua... Mshare, siyo zile nyingine, sawa... Funika jiko, usiguse. (anakata) Zamu yangu kupika, na saa hizi wanaanza kufungasha sokoni.

MAMA GLORY: Mvua bado inapiga.

BABA EMA: Nina koti la mlimani. Nipishe hapo mlangoni.