Kinga na Kinga: Tuvunje Shughuli Zetu au Tusivunje?

(Mhadhara uliotolewa na muuguzi mstaafu mbele ya wenye kumbi, wapishi wa shughuli, viongozi wa dini na wakaazi, Tononoka, Mombasa)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu na wanangu, hamjambo?

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Mombasa miaka 31, na tangu nistaafu watu wa mtaani huniita wakiwa na jambo la maradhi kabla hawajakwenda hospitali. Sikatai. Mwezi uliopita niliitwa kwa jambo ambalo halikuwa la dawa. Nyumba moja ilikuwa na hitima, jirani yao akawa na watoto wawili wanaharisha, na mtaa ukagawika. Wako waliosema shughuli ivunjwe. Wako waliosema maiti hawezi kunyimwa dua yake kwa tumbo la mtoto wa watu. Maneno yakawa makali hata ndugu wawili wa baba mmoja wakanyimana salamu. Nilipofika wakanigeukia wote: Bi Muuguzi, tuvunje au tusivunje? Nikawauliza neno moja ambalo tangu asubuhi hakuna aliyeliuliza. Watoto wanaumwa na nini?

Mabishano haya nimeyasikia mara nyingi, na karibu kila mara yanaanzia mwisho. Watu wanashikana kwa kuvunja na kutovunja kabla ya kujua maradhi yenyewe yanapita njia gani. Nami leo nataka tuanze na njia.

Chukueni kidingapopo, yaani homa ya dengue. Mombasa tulikipata 2013, kikarudi 2017, kikarudi tena 2021. Mwisho wa 2017 hadi 2018 ikatuingilia chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa vile viungo humuuma mgonjwa hata akatembea ameinama. Haya mawili yanaletwa na mbu mmoja, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana na kutaga kwenye maji yaliyosimama: pipa la msalani, mtungi, tairi bovu nyuma ya nyumba. Na mji wetu maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hivyo kila nyumba ina pipa. Ukivunja harusi kwa sababu ya kidingapopo, umevunja bure. Funika pipa.

Kipindupindu ni jambo lingine. Vijidudu vyake vinatoka na haja kubwa ya mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji, kwa chakula, kwa mkono. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kenya Oktoba 2022 na kuenea kaunti nyingi, wa kwanza kuugua walikuwa watu waliohudhuria harusi huko Limuru. Na Juni 2017 walioanguka walikuwa watu wa afya wenyewe, waliokutana katika hoteli moja Nairobi kwa kongamano lao la utafiti. Wasomi wa maradhi, ndani ya hoteli kubwa. Nawataja ili mama anayepika pilau ya shughuli Kisauni asije akaambiwa kwamba uchafu ni wa maskini.

Katika maradhi haya wingi wa watu si ndio unaoua. Watu 300 wakila wali uliopakuliwa ukiwa moto, kila mmoja kanawa kwa sabuni na maji yanayomiminika, wako salama kuliko watu 10 wanaokunywa juisi yenye barafu ya maji ya mkokoteni yasiyojulikana yametoka kisima gani. Kinachonitia hofu katika shughuli zetu ni lile bakuli moja la kunawia linalozungushwa kutoka sinia hadi sinia, maji yakibadilika rangi na mtu wa mwisho akitumbukiza mkono humo humo. Ile hitima tuliisoma. Bwana afya alikuja akatazama kisima, watoto wakapelekwa hospitali, bakuli likaondolewa pakawekwa ndoo ya bomba, chai ikachemshwa, na juisi hatukuitoa. Ndugu wale wawili walikaa sinia moja.

Sasa yako maradhi ya tatu, na haya ndiyo yanayotutaka kuvunja. Ni yale yanayopita hewani: korona, homa kali ya mafua, surua. Mgonjwa wa surua akitoka chumbani, hewa aliyoiacha inaweza kumwambukiza anayeingia baadaye, hata zikipita saa mbili. Mgonjwa wa korona huanza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajajihisi. Amevaa kanzu yake safi, anacheka, anakumbatia wajomba, na kile kipima joto cha mlangoni hakina la kumwambia. Wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja cha moto ukikiweka peke yake kinazimika. Ukikisogeza kwa mwenzake, moto umepata njia. Kwa maradhi ya hewani, ukumbi uliojaa ni vijinga vilivyosogezwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna jambo la mwaka 1918 ambalo kila mwenye ukumbi anafaa kulijua.

Mwaka ule homa ya mafua ilizunguka dunia nzima. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulikuwa umepanga gwaride kubwa la kuuza hati za mkopo wa vita, tarehe 28 Septemba. Homa ilikuwa imeshaingia kambi za wanamaji pale pale mjini. Madaktari walionya. Mkuu wa afya wa mji, Wilmer Krusen, hakulisimamisha. Watu wapatao 200,000 wakasimama barabarani, bega kwa bega. Zikapita siku tatu tu, vitanda vya hospitali vikajaa, na katika wiki chache mji ukazika zaidi ya watu 12,000. Baada ya hapo wakafunga shule, makanisa na kumbi za michezo. Walifunga kila kitu, lakini moto ulishashika mapaa.

St. Louis, mji mwingine wa nchi hiyo hiyo, mkuu wake wa afya alikuwa Max Starkloff. Yeye alifunga mapema Oktoba, wagonjwa wakiwa bado wachache. Wafanyabiashara walimlalamikia sana, na mimi siwalaumu, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyeyaona makaburi. Vifo vya mji wake, ukilinganisha na wingi wa watu, vilikuwa chini sana kuliko vya Philadelphia. Walipolegeza Novemba homa ikarudi, ikawabidi kufunga tena. Nalisema hili pia kwa sababu ni haki yenu: kufunga hakuui maradhi, kunanunua muda. Anayewaambia vunjeni mara moja na yataisha, hajawaambia yote.

Na homa hiyo haikukaa ughaibuni. Iliingia nchi hii mwaka huo huo wa 1918, na mlango wake ulikuwa bandari hii yetu. Watafiti wanakadiria iliua watu wapatao 150,000 Kenya nzima. Wako mababu zetu humo.

Kwa hivyo mizani ya jambo hili ni siku. Siku ambayo kuvunja kunafaa ni siku ambayo kuvunja kunaonekana upuzi, hakuna jirani aliyeugua, wapishi wameshanunua mchele. Ukingoja mpaka kila mtu akubali, umengoja mpaka haina faida. Najua ni vigumu kumwambia mama aliyemwozesha binti yake wa pekee. Nimewaambia wengine, na mmoja hajanisamehe mpaka leo.

Lakini serikali nayo ikichelewa, hufunga kwa pupa, na pupa ina madhara yake. Nani hapa hakumbuki Likoni, tarehe 27 Machi 2020? Kafyu ilikuwa ianze saa moja usiku, siku ya kwanza. Kila anayefanya kazi kisiwani na kulala ng'ambo akakimbilia feri kwa wakati mmoja. Amri ya kuwatenganisha watu ikawakusanya maelfu kwenye mteremko mmoja, pua kwa pua. Kisha yakarushwa mabomu ya machozi, watu wakapigwa, wakawa wanakohoa na kufuta machozi kwa mikono ile ile tuliyowaambia wasijiguse nayo usoni. Mimi niliona picha zile nikalia. Aliyeipanga saa ile hakumuuliza hata mtu mmoja anayevuka feri. Mama muuza mahamri wa Mtongwe angemwambia kwa dakika moja: feri hubeba watu kadhaa tu, wengine hubaki, anzeni kuwavusha tangu saa nane.

Mwezi Mei ukafungwa Mji wa Kale, ndani ya Ramadhani. Kitaalamu sababu ilikuwapo, maambukizi yalikuwa yamepanda. Lakini anayeuza kaimati na viazi karai Ramadhani anachuma chakula cha miezi. Mtu huyu aliambiwa kaa ndani, akakaa, na hakuna aliyemuuliza atakula nini. Baadaye wakubwa wa siasa wakaanza mikutano yao. Mikutano ya siasa ilikuja kupigwa marufuku siku 60 kuanzia Novemba 2020, na Desemba hiyo hiyo kampeni za uchaguzi mdogo wa Msambweni zilijaza viwanja, sote twaona. Ukimvunjia mtu maulidi yake Jumamosi na Jumapili ukapanda jukwaani mbele ya maelfu, umevunja kitu ambacho mlipuko unaofuata utakihitaji sana, nacho ni kuaminika.

Nafika kwenye dini, na masheikh na wachungaji mliopo mtanisahihisha. Husikia watu wakisema kuvunja mkusanyiko ni uchache wa imani. Khalifa wetu Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda, jemadari wake huko Sham, akamuuliza, wakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Tauni hiyo ya Amwas ilimuua Abu Ubayda mwenyewe. Aliyekuja kushika uongozi baadaye, Amr bin al-As, aliwaamrisha watu watawanyike milimani. Na Hija ya 2020 walihiji wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia.

Lakini nikiwa muuguzi nawaomba radhi kwa neno moja upande wetu. Sisi watu wa afya tumezoea kuvunja na kuondoka. Shangazi yangu alifariki Juni 2020. Tuliruhusiwa watu 15 makaburini. Wajukuu wake peke yao wanapita 15. Tulipanga nani aende kama watu wanaogawa mali, na wako binamu zangu ambao hawakuchaguliwa na jeraha hilo wanalo. Kilichotuponya kidogo ni wazo la mdogo wangu: saa ile ile maiti akitiwa kaburini, kila nyumba ya ukoo, kutoka Majengo mpaka Ukunda, ikasoma Yasini, simu zikiwa wazi. Hakuna afisa aliyetushauri hivyo. Mwenye msiba ndiye aliyelijua tundu linavyozibwa.

Afrika Magharibi walilijifunza kwa uchungu, wakati wa Ebola mwaka 2014. Maiti wa Ebola anaambukiza, na kuosha maiti kulieneza maradhi. Watu walipokatazwa tu, walizika kwa siri usiku. Mwishoni mwa mwaka ule Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu mpya uliotengenezwa pamoja na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo: jamaa washirikishwe, sala isomwe, Mwislamu atayamamishwe kwa udongo safi badala ya kuoshwa kwa maji. Swali liligeuka. Si tena maziko yafanywe au yasifanywe, bali yafanywe vipi.

Naona mkono kule nyuma. Mama, sema kwa sauti.

Mama anasema yeye ni mpishi, na mimi nazungumza vizuri, lakini shughuli ikivunjwa mwenye harusi anataka arubuni yake irudi, na arubuni imeshakuwa mbuzi na mchele. Ahsante sana, mama. Hili ndilo nililolijia, maana nimeshaona wenye harusi wanaoendelea na shughuli kwa sababu ya hiyo arubuni tu, si kwa ubishi.

Nitajibu ninavyojua. Siku ya kupokea arubuni, andikeni kwenye karatasi: maradhi yakizuka na bwana afya akasema tusogeze, arubuni haipotei wala hairudi, inahamia tarehe mpya. Mwenye ukumbi aandike hivyo hivyo, mwenye mahema na viti vile vile. Anayepiga hina na anayekodisha vyombo wasisahauliwe, kwa kuwa wao hawana arubuni kubwa ya kuwashikilia. Upande wa kaunti tutadai kitu kimoja: anayefungiwa kazi aandikwe na alipwe posho kabla ya kufungiwa, si baada ya miezi. Hilo halijakubaliwa, na mimi sitawadanganya kwamba liko karibu.

Mzee wangu hapa mbele anauliza nani atakayesema "sogezeni". Mzee, nadhani wasiwe watu wa afya peke yao. Wawe bwana afya wa wadi, imamu na mchungaji wa mtaa, mpishi mmoja, mwenye ukumbi mmoja, na mtu mmoja anayevuka feri kila siku. Wajuane sasa, wapeane namba za simu sasa, hakuna anayeumwa. Mlangoni nimeweka daftari. Kila mtaa uniandikie majina yake sita, na Jumamosi baada ya Asri tukutane hapa hapa tuisome ile karatasi ya arubuni neno kwa neno.