Abbey Theatre ya Dublin na Malezi ya Waandishi wa Tamthilia

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wasanii na wanafunzi wa fasihi,

Nimeombwa nizungumzie historia ya Abbey Theatre, kikundi cha maigizo cha Dublin, nchini Ayalandi, ambacho kwa zaidi ya karne moja kimejipambanua kwa kazi za waandishi wa nchi yake. Historia hiyo husimuliwa mara nyingi kwa kutaja fujo zilizozuka ukumbini. Mimi naomba tuanzie penye utulivu zaidi, kwenye meza iliyosomewa miswada, kwa sababu naamini kwamba hapo ndipo kikundi hiki kilipofanya kazi yake kubwa, na hapo hapo ndipo kilipokosea.

Mwishoni mwa karne ya 19, aliyekwenda kutazama mchezo wa kuigiza mjini Dublin alikuta, aghalabu, mchezo ulioletwa na kikundi cha Uingereza kilichokuwa ziarani. Mwaka 1899 mshairi W. B. Yeats, mwandishi Lady Gregory na Edward Martyn walianzisha Irish Literary Theatre ili Waayalandi waandikiwe michezo yao, lakini waigizaji wenyewe bado iliwabidi kuwakodi kutoka Uingereza. Pengo hilo lilizibwa na ndugu wawili, Frank na William Fay, waliokuwa wakiwafunza uigizaji vijana wenye ajira zao za mchana, ambao walifika mazoezini jioni. Pande hizo mbili ziliungana, na mfadhili Mwingereza, Annie Horniman, akagharimia ukarabati wa ukumbi mkongwe katika Mtaa wa Abbey pamoja na jengo jirani lililowahi kuwa nyumba ya kuhifadhia maiti. Ukumbi ulifunguliwa tarehe 27 Desemba 1904.

Kuna jambo moja katika ufunguzi huo ambalo halipewi uzito unaostahili. Ili kuigiza kwa malipo, ukumbi ulihitaji hati ya idhini, na kumbi nyingine za Dublin, zikihofia kunyang'anywa watazamaji, zilipinga ombi hilo. Hati ikatolewa kwa jina la Lady Gregory, kwa kuwa Horniman hakuwa mkaazi wa Ayalandi, tena ikatolewa kwa masharti: michezo iwe ya waandishi wa Kiayalandi au inayohusu Ayalandi, na ya kigeni isiwe ya Waingereza. Washindani walidhani wamekifunga kikundi mikono. Kumbe waliyaandika kisheria yale ambayo waasisi walikuwa wakiyataka, kwani tangu siku hiyo kikundi hakikuwa na njia ya mkato ya kuazima michezo iliyokwisha kupata umaarufu London, na kilipokosa michezo kililazimika kutafuta waandishi.

Waandishi hao walipatikanaje? Abbey ilipokea miswada kutoka kwa yeyote, na iliandaa waraka wa ushauri kwa waliotaka kuiandikia, ukieleza kwamba mchezo unapaswa kutokana na mambo ambayo mwandishi ameyaishi au kuyachunguza mwenyewe, hasa maisha ya Ayalandi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sean O'Casey, kibarua wa Dublin aliyejisomea kwa juhudi zake mwenyewe. Miswada yake ya mwanzo ilikataliwa, mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo ilirudi ikiwa na maelezo, na Lady Gregory alimwambia waziwazi kwamba kipaji chake kilikuwa katika kuumba wahusika. O'Casey aliushika ushauri huo. Mwaka 1923 Abbey iliigiza The Shadow of a Gunman, na mwaka uliofuata Juno and the Paycock, michezo inayosikika sauti za wapangaji wa vyumba vya kimaskini vya jiji lake, na watu wakafurika ukumbini wakati kikundi kilikuwa taabani kifedha. Kukataa kwa namna hiyo ni malezi, na sioni jina jingine linaloifaa kazi ile.

Kumlea mwandishi kulidai pia kumlinda. Mwezi Januari 1907, mchezo wa J. M. Synge, The Playboy of the Western World, ulipokewa kwa zomeazomea za watu walioona umewadhalilisha wanavijiji. Polisi waliitwa, lakini maonyesho yaliendelea wiki nzima. Mwaka 1925 serikali changa ya Ayalandi iliipa Abbey ruzuku ya pauni 850. Muda si mrefu mwakilishi wa serikali katika bodi alitaka sehemu za The Plough and the Stars, mchezo mpya wa O'Casey, ziondolewe. Lady Gregory alijibu kwamba wakilazimika kuchagua kati ya ruzuku na uhuru, watachagua uhuru. Mchezo ulipanda jukwaani Februari 1926, fujo zikazuka tena, na Yeats akasimama jukwaani kuikemea hadhira.

Lakini meza ile ile ilikosea, na vibaya. Mwaka 1928 ilimkatalia O'Casey mchezo wake The Silver Tassie, wakati huo akiishi Uingereza, na uhusiano ukavunjika. Baadaye, chini ya Ernest Blythe, aliyeuongoza ukumbi tangu 1941 hadi 1967, Abbey ilikataa A Whistle in the Dark wa kijana Tom Murphy, nao ukaigizwa London mwaka 1961. Murphy alirejea baadaye na kuwa miongoni mwa nguzo za Abbey, ila inaniuma kwamba ilimbidi kwanza asikike ng'ambo.

Kosa la karibuni zaidi linahusu nani anayehesabiwa kuwa mwandishi wa nyumbani. Mwishoni mwa 2015 Abbey ilitangaza ratiba ya kuadhimisha miaka 100 ya uasi wa Waayalandi dhidi ya utawala wa Uingereza wa mwaka 1916: michezo kumi, na mmoja tu ndio ulioandikwa na mwanamke, katika ukumbi ambao hati yake ya kwanza ilikuwa na jina la mwanamke aliyeuandikia michezo mingi. Mwezi Novemba wanawake wa sanaa walikusanyika ukumbini humo humo na kutoa ushuhuda jukwaani, mmoja baada ya mwingine, kuhusu kazi zilizopuuzwa. Mwaka uliofuata bodi ilitoa miongozo ya usawa wa kijinsia, na miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kuagiza tamthilia mpya kutoka kwa wanawake.