Wa kike au wa kiume? Somoe na Sele kwenye kipindi cha wiki hii

SOMOE: Assalaam alaykum, na habari za wiki nyote mnaotusikiliza. Somoe hapa, Mikindani.

SELE: Na Sele. Ule muziki wetu wa kufungulia leo sikuupiga. Dada aliniomba.

SOMOE: Tumezika wiki hii, Sele. Mtoto wa binti wa dada yangu, yule wa Nanguruwe. Mimba ilikuwa ya wiki 30. Nilimuuliza kama naweza kulisema hapa, akaniambia, "Sema, mama mdogo, ila jina langu liache." Basi jina naliacha.

SELE: Mpe pole. Nilimpa kwa simu, lakini mpe tena.

SOMOE: Zitafika. Jumatatu alisema mtoto tangu jana hachezi. Jumanne asubuhi tuko hospitali. Daktari kapaka ile jeli, kapitisha kifaa cha altrasaundi, karudi, kapitisha tena palepale. Halafu akageuza kioo kikaelekea ukutani. Mimi mtu mzima, nilielewa kabla hajafungua mdomo. Mapigo ya moyo hayakuwepo. Akatueleza na la pili: fuvu la mtoto kwa juu halikujengeka, na ubongo haukukua kama inavyotakiwa. Hata angetimiza miezi tisa, watoto wa namna hiyo huzaliwa wameshafariki, au wanaishi saa chache, siku chache.

SELE: Akaanzishiwa uchungu.

SOMOE: Akaanzishiwa, kajifungua usiku wa Jumatano. Sasa sikiliza. Bibi zake wawili wamempokea mtoto, wamemfunga kwenye kanga, wamemsogeza pembeni. Binti kainua kichwa: "Wa kike au wa kiume?" Kimya. Bibi mmoja anakunja kanga ambayo ilishakunjwa. Kauliza tena. "Lala, mwanangu, lala." Mara ya tatu hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Nikamwambia: wa kike.

SELE: Na wale bibi?

SOMOE: Hawajanisemesha mpaka leo.

SELE: Hapo mimi na wewe tutagombana, dada, kwa hiyo tupaweke kwanza. Kikaratasi chako kina mambo matano na leo tumeahidi kuyamaliza. La kwanza umeandika "sababu".

SOMOE: Sababu, ndiyo. Msibani hawakosi wapelelezi. Alipita makaburini jua likizama. Alimcheka kilema. Na lililoniuma zaidi lilitoka kwa wifi yake, tena mbele ya mgonjwa: "Si nilimkataza kwenda kwenye salfa?"

SELE: Kusema kweli, hilo la salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hata mimi ningelifikiria. Msimu wa kupuliza mikorosho asubuhi unaliona vumbi lake limetanda shamba zima. Ukirudi nyumbani nguo zinanuka, macho yanawasha mpaka usiku.

SOMOE: Basi tuhesabu. Hedhi yake ya mwisho ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Ule mfereji ambao baadaye ndio unakuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge. Kwake yeye ni katikati ya Februari. Kule kwenu mikorosho mlianza kupuliza lini?

SELE: Juni. Waliowahi sana, mwisho wa Mei.

SOMOE: Umeona? Fuvu lilishapata tatizo lake miezi mitatu kabla mtu hajafungua mfuko wa salfa. Sisemi mjamzito akapulize. Salfa inabana kifua, na dawa zote za shambani mjamzito akae nazo mbali. Ila binti yangu asibebeshwe mzigo usio wake. Katikati ya Februari alikuwa amechelewa siku zake wiki mbili tu, hata hakujua kama ana mimba.

SELE: Kliniki alianza lini?

SOMOE: Mwezi wa tano wa mimba, kama wengi wetu huku. Akapewa vidonge vya damu, na vile ndani yake mna foliki asidi, ni vitamini. Akavimeza vyote, nimeviona vikopo vitupu. Vilimsaidia damu yake. Lakini kwa ule mfereji vilikuta mlango umeshafungwa. Ili ikinge fuvu na mgongo wazi, foliki asidi inatakiwa iwe mwilini kabla mimba haijatunga, maikrogramu 400 kila siku, na uendelee mpaka wiki ya 12.

SELE: Nani atameza dawa ya mimba ambayo hana?

SOMOE: Ndiyo shida yenyewe. Mwaka 1991 Uingereza walitoa majibu ya utafiti wa kina mama waliokuwa wameshawahi kupata mtoto wa namna hii. Kwa wale waliotumia foliki asidi kabla ya mimba nyingine, tatizo lilijirudia kidogo sana, lilipungua kwa karibu robo tatu. Wakausimamisha utafiti kabla ya wakati, kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Baada ya hapo nchi nyingi zikasema, kama mama hawezi kujua siku, basi iwekwe kwenye chakula ale bila kujua. Sisi kanuni zilitoka 2011: viwanda vinavyosaga ngano na mahindi kwa wingi viongeze virutubishi kwenye unga, na foliki asidi imo.

SELE: Unga wa dukani, wa kwenye mfuko.

SOMOE: Wa kwenye mfuko.

SELE: Sasa mimi nimekulia Newala, dada. Nimekulia makopa.

SOMOE: Makopa tena!

SELE: Tena. Wasikilizaji wameshazoea, lakini leo nina haki. Mama yangu anamenya muhogo, anaupasua, anauanika juu ya bati siku kadhaa, sisi watoto kazi yetu kufukuza mbuzi. Ukikauka unaugonga unalia ko, ko. Anaubeba kichwani mpaka mashineni, anarudi na unga mweupe kama chokaa. Hiyo njia nzima, kuanzia shambani hadi sufuriani, kiwanda kiko wapi? Hicho kirutubishi kitamkuta mama yangu wapi?

SOMOE: Hakimkuti. Na usidhani kinanikuta mimi. Mahindi yangu nayo naenda kusaga mashineni hapa Mikindani, sembe hiyohiyo, hakuna anayeniwekea kitu.

SELE: Sembe yako haina kitu na makopa yangu hayana kitu. Ila makopa ni matamu.

SOMOE: Yanateleza, Sele! Tonge linashuka kabla hujalitafuna.

SELE: Ndivyo linavyotakiwa! Yule dada wa Liwale aliyetutumia sauti mwezi uliopita alisema hivyohivyo, tonge la makopa halitafunwi, linasindikizwa. Sembe unaitafuna mpaka taya zinachoka.

SOMOE: Na mboga yake je? Maana chakula hiki kinavumilika kwa mboga.

SELE: Mbaazi za nazi. Kisamvu. Msimu huu mbaazi ziko kila nyumba.

SOMOE: Hapo sasa umenigusa. Mbaazi zina foliki kwelikweli, na kunde, na majani ya kijani. Kasoro yake ni kwamba foliki ya kwenye chakula inapotea kwa kuchemshwa sana, na kisamvu chetu unajua kinakaa jikoni kutwa. Ukikikamua maji ukayamwaga, foliki nyingine imekwenda na maji. Mbaazi mjamzito ale, na asiye mjamzito ale. Lakini usimwambie mtu anayepanga mimba kwamba mbaazi zinatosha aache kidonge.

SELE: Na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini?

SOMOE: Ming'oko kula kwa raha zako, usiitafutie foliki. Lakini jambo moja nalipenda. Kuna vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine za kusaga mahindi, hizi za mtaani, vinadondosha virutubishi kidogokidogo unga ukiwa unatoka. Hapa nchini vipo tayari.

SELE: Kwa makopa je?

SOMOE: Kwa mahindi.

SELE: Basi tumeachwa tena. Mikoa inayokula muhogo tuko wengi, dada. Mtu akikaa mezani akaandika "unga wa chakula", anawaza mahindi. Newala nzima haimo. Na mama zetu ndio hao wanaoanza kliniki mwezi wa tano, kwa hiyo unga hauwakuti, na kidonge kinawakuta kimechelewa. Hili linaniuma, silisemi kwa sababu ya utamu wa makopa tu.

SOMOE: Hapo niko na wewe kabisa.

SELE: Dakika zimekwenda. Na bado tuko kwenye namba moja.

SOMOE: Basi turudi pale ulipopaweka.

SELE: Turudi. Dada, wale bibi hawakukosea. Mwaka 2018 mke wangu alipoteza mimba ya miezi saba, hilo mnalijua. Sikuwahi kusema kwamba mtoto nilimbeba mimi. Mimi na mjomba tulimwosha, tukamvika sanda, tukamzika, mke wangu yuko wodini. Hakumwona. Alikuwa na damu pungufu, hawezi hata kukaa. Nilitaka picha ile ibaki kwangu peke yangu. Tumepata watoto wawili baada yake na siku moja hajaniuliza.

SOMOE: Hajauliza, au hajakuuliza wewe?

SELE: ...Mimi ndiye mumewe.

SOMOE: Ndiyo maana nauliza.

SELE: Na si mila tu. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2002, ulikuta kina mama waliowashika watoto wao waliofia tumboni ndio walioandamwa zaidi na huzuni kwenye mimba iliyofuata. Si bibi wa Newala hao.

SOMOE: Naujua. Na zimekuja tafiti nyingine baadaye zikakuta kina mama walioshika hawajutii, wanaojutia ni walionyimwa. Mimi sisemi alazimishwe. Aulizwe.

SELE: Utamuuliza saa ngapi? Katoka kujifungua, anatetemeka, na kichwa cha mtoto kiko vile. Atakujibu kwa akili ipi? Ukimuuliza umeshamtwisha.

SOMOE: Kichwa kinavikwa kofia, Sele. Nilikuwa na ile kofia ya sufu niliyomfumia, nikamvika kabla ya sanda. Kwa chini ya kofia alikuwa mtoto kamili. Kidole cha pili cha mguu kirefu kuliko dole gumba, vilevile kama cha mama yake. Mimi nakijua hicho kidole. Mama yake hakijui. Hiyo ni haki?

SELE: Ni huruma.

SOMOE: Kwa nani?

SELE: Kwake. Sitabadilisha, dada. Ikitokea kesho nitafanya vilevile.

SOMOE: Na mimi nitajibu vilevile. Wa kike.

SELE: Adhana ya alasiri hiyo, mnaisikia. Chumba hiki tunakiacha baada ya sala, kuna madrasa. Kikaratasi kina manne yamebaki.

SOMOE: Nipe moja. Mtoto akipunguza kucheza au akiacha, usingoje kesho, usinywe maji ya baridi ukasubiri ashtuke. Nenda leo. Vilevile damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Na aliyepata mtoto kama wetu, kabla ya mimba nyingine aende kwa daktari aandikiwe foliki asidi ya kiwango kikubwa, miligramu 5, vile vidonge vidogo vya njano. Aanze angalau mwezi mmoja kabla. Kati ya mama 100 waliopatwa, ni wawili hadi watano hivi wanaorudiwa, wengine wote...

SELE: Dada, mwalimu wa madrasa yuko mlangoni.

SOMOE: La maziwa sijalisema! Jumamosi maziwa yametoka. Kanga yote mbele imelowa, anajitazama, hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba yatakuja. Asiyakamue mpaka yaishe, yataongezeka. Avae sidiria inayobana kiasi, aweke kitambaa cha maji baridi, na akiona homa au titi limekuwa jekundu...

SELE: Ahsanteni, tutaonana wiki ijayo.

SOMOE: Zima, Sele, niwahi gari la Nanguruwe.