Leo Siku ya Ngapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nitasema kama mgonjwa, maana daktari si mimi.

Saratani ya damu haina uvimbe wa kuonyesha kwa kidole. Inaanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa. Dawa zikiingia zinaua chembe mbovu na nzuri pamoja. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza dripu akiwa anatembea mwenyewe, halafu wiki ya pili ikamlaza. Chembe nyeupe zimeshuka, mdomo umejaa vidonda, kumeza mate tu ni kazi. Mimi sikuwa nimeambiwa. Nilidhani ndiyo nakufa.

Aliyenitoa kwenye hofu ile ni mama mmoja wa kitanda cha pili, kichwani hana hata unywele mmoja. Aliniuliza, "Leo siku ya ngapi, mwanangu?" Nikamjibu ya 10 tangu dripu ya kwanza. Akasema, "Basi ndizo zenyewe. Mimi ya 11 hata maji yalinishinda. Chembe zikianza kupanda, na vidonda vinafunga." Hakuniambia nijikaze. Alinihesabia siku. Kisha akachomoa kipimajoto chini ya mto wake: "Hiki kikisoma 38, usingoje kukuche."

Hili nawaomba mlishike kuliko yote. Kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka, homa ya nyuzi 38 ni dharura, hata kama hakohoi wala hana panapouma. Mwili hauna askari. Maambukizi yanaweza kumuua kwa saa chache tu. Wala asianze kumeza dawa ya kutuliza homa nyumbani, itamficha hali yake. Mgonjwa usiku wa manane huona haya kuwaamsha watu. Wewe unayemuuguza usimsikilize. Mwinue, mwende hospitali.

Mnaouliza mlete nini: mwenye mafua asije, apige simu. Mwenye afya akachangie damu, na akiweza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa sababu hizo hazikai ghalani zaidi ya siku 5 hadi 7, na mgonjwa akizikosa hutokwa damu kwenye fizi kwa kupiga mswaki tu.

Na msichoke mapema. Kuna aina ya saratani hii ambayo matibabu yake huchukua miaka 2 hadi 3. Mwezi wa kwanza wageni hawapati pa kukaa. Ukifika mwaka wa pili, mtu bado anameza vidonge vyake kila jioni, na hakuna tena anayemuuliza leo ni siku ya ngapi.