Tundu la Mpiga Mishale

Mabibi na mabwana, asanteni. Leo nimekuja na neno moja tu la Kiingereza: loophole, yaani njia ya kuiponyoka sheria bila kuivunja.

Tuanze na kosa. Aliyejifunza Kiingereza darasani hulikata vipande viwili, loop kitanzi, hole tundu, akapata "tundu la kitanzi". Sivyo. Loop hii ni neno jingine la kale, lililotumika tangu karne ya 14 kwa upenyo wa ukutani. Wapo wanaolihusisha na kitenzi cha Kiholanzi cha zamani chenye maana ya kuchungulia.

Ngome za zama za kati kule Uingereza zina nyufa ndefu, nyembamba, zilizojengwa makusudi. Kwa nje, hata kichwa cha mtoto hakipiti. Ingia ndani sasa: ukuta umepanuliwa, mtu mzima anasimama na upinde wake, anageukia huku, anageukia kule. Adui anaona mstari tu. (Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyojengwa 1593 hadi 1596, ni ya zama za mizinga, na mzinga hudai tundu pana zaidi.)

Karne ya 17 neno likaanza kutumika kwa njia ya kuponyoka, hasa kuiponyoka sheria. Ajabu ni kwamba tundu lile halikupitisha mtu, lilipitisha mshale. Lakini umbo lake likabaki. Raia akisoma kifungu cha kodi anaona ukuta; mhasibu aliye ndani anaona chumba kizima. Na Waingereza ni mafundi: walipotozwa kodi ya madirisha kuanzia 1696, wengi waliyaziba kwa matofali, na kodi haikufutwa hadi 1851. Hao walipata upenyo kwa kuziba upenyo!

Sisi tunasema mwanya. "Mwanya wa sheria." Kwa kweli neno hili linanisumbua, kwa sababu ni tamu mno. Mwanya ni wa meno ya mbele, ni urembo, mtu anausifia mchumba wake. Tena mtu huzaliwa nao, hakuna wa kulaumiwa. Gazeti likiandika kwamba kampuni "imetumia mwanya", msomaji anahisi sheria ilizaliwa hivyo. Loophole, kwa asili yake, ina fundi aliyelipima tundu na mwenye ngome aliyeagiza.

Sisemi tuliache neno letu. Kiswahili chenyewe kinajua kuwa mwanya ni wa namna mbili, kwani wapo wasiojaliwa ambao huenda kuchongwa. Basi mtafsiri akifika hapo aulize kwanza: huu ni wa kuzaliwa, au wa kuchonga?

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.