Toka Nje Ukaguse Hewa: Mazungumzo Kuhusu Bomba la Draya

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kukaa, maana harufu ya pilau imeshafika hapa mbele na mimi nimewekwa katikati yenu na sahani.

Karibu sote tunaoishi hapa Columbus, Marekani, tumekulia kwenye kamba. Nguo inafuliwa, inakamuliwa, inaanikwa. Kinachobaki ni kuangalia mvua na mbuzi wa jirani. Hii mashine ya kukaushia, draya, tulikabidhiwa pamoja na funguo za nyumba bila maelezo. Unabonyeza, inazunguka, nguo zinatoka na joto lake. Nani angeuliza maji yamekwenda wapi?

Leo nauliza mimi. Maji yamegeuka mvuke, feni imeusukuma kwenye bomba la inchi 4 lililoko nyuma ya mashine, bomba limepita ukutani au darini mpaka nje. Na mvuke hauendi peke yake. Unabeba manyoya ya nguo, yale ya kijivu, laini, ambayo wengine mnayaita vumbi na wengine pamba. Chujio la mlangoni linakamata mengi, si yote. Yanayoponyoka yanakwama kwenye kona za bomba, yanalowa, yanashikana kama ukoko wa uji.

Hiki kipande cha bomba hapa mezani nimekitoa kwenye nyumba moja majuzi. Mama, shika, usiogope. Unaona tundu lililobaki? Kidole gumba hakipiti. (Minong'ono ukumbini.) Ndani ni manyoya, unyoya wa ndege, na karatasi ya pipi. Nimekuja na kiberiti pia, nilitaka kuwaonyesha hayo manyoya yanavyoshika moto, lakini king'ora kiko juu ya kichwa changu na mwenye ukumbi yuko pale mlangoni. (Kicheko.) Niaminini tu: yanawaka kuliko karatasi.

Idara ya Zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010, kila mwaka kulikuwa na visa 2,900 vya moto wa draya majumbani. Watu 5 kufa, 100 kujeruhiwa, kila mwaka. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa uchafu: mashine haikusafishwa. Mwezi uliotia fora ni Januari, na sisi tunajua Januari ya hapa. Makoti, mablanketi, draya haipumziki.

Sasa ile nyumba. Mama mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, draya imekuwa mvivu. Jinzi za watoto nazikausha mara mbili na bado zina ubaridi." Miezi kadhaa! Akaja fundi mmoja, akasema fyuzi ya joto imekatika, akaunganisha waya ili umeme uiruke ile fyuzi. Draya ikawaka, mama akafurahi, fundi akalipwa. Jamani, fyuzi ile ni mlinzi. Inakatika joto likizidi, na joto huzidi sana sana pale ambapo hewa haina pa kutokea. Kuiruka ni kumfunga mlinzi mdomo kwa sababu amekupigia kelele. Fyuzi ikikatika, weka nyingine, lakini kwanza tazama bomba.

Nguo kuchelewa kukauka ndiyo dalili ya kwanza. Nyingine: chumba kina joto na unyevunyevu, au juu ya mashine pakishikika unatoa mkono haraka. Lakini kipimo changu ni kimoja, na ni cha bure. Washa draya, vaa viatu, toka nje, tafuta kile kifuniko ukutani, pale bomba linapotokea. Kiwe kimeinuka na hewa ikupige kiganjani kwa nguvu. Ikiwa inapumua kama mgonjwa, kuna kitu ndani. Wakati wa theluji angalia kifuniko kisije kikawa kimezikwa. Na usiweke wavu wa kuzuia ndege, maana wavu unakamata manyoya yote. Tafuta kifuniko kinachojifunga chenyewe.

Chujio linasafishwa kila mzigo wa nguo, hilo mnalijua. Ila wanaotumia zile karatasi za manukato zinazotiwa kwenye draya pamoja na nguo: chujio linaonekana safi kumbe lina utando. Limwagie maji ya bomba. Yakituama juu yake, lisugue kwa sabuni na burashi ya meno.

Bomba angalau mara moja kwa mwaka. Nyumba yenye watoto sita, zidisha. Chomoa plagi. Draya ya gesi, mwite anayeijua, kwa sababu ukiivuta vibaya unavunja njia ya gesi, na bomba lake likiziba hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi inaweza kurudi ndani. Kuna burashi ndefu ya vijiti vinavyounganishwa, inazungushwa na drili. Zungusha upande wa kukazia tu. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilirudisha nyuma, vijiti vikafunguka ndani ya ukuta, nikakata ukuta wa watu na kuulipia. Ukikuta bomba la plastiki jeupe au la karatasi ya fedha lililokunjikakunjika, litupe, weka la bati gumu. Viungo vifunge kwa tepu ya alumini. Skrubu ndefu ndani zinanasa manyoya.

Halafu vitambaa vya jikoni. Mafuta ya kupikia hayaishi yote kwa kufua. Ukivikausha na kuvirundika vikiwa na joto, vinaweza kuwaka vyenyewe, saa kadhaa baadaye. Hivyo vianike. Na draya isiachwe ikizunguka ninyi mmelala.

Swali? Ndiyo, kaka. Nyumba ya kupanga, nani asafishe? Soma mkataba wako, lakini mara nyingi bomba lililo ukutani ni la mwenye nyumba na chujio ni lako. Usimpigie simu, mwandikie ujumbe, uweke picha ya kifuniko cha nje na tarehe. Dada? Aa, nduguyo yuko Ujerumani, draya yake haina bomba. Kule nyingi zinakusanya maji kwenye tangi. Amwage tangi, asafishe chujio, na kile kipozeo cha chini, kinachogeuza mvuke kuwa maji, kama kinatoka akisuuze.

Nani ana kile kipande changu? Kirudisheni mezani, na tafadhali mnawe kabla ya pilau.