Mchungaji Asiye na Haraka: chapa za mandhari za karne ya 18

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Jioni hii tutakaa na picha moja tu, hii iliyo ukutani.

Ni chapa, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la shaba, ya Richard Earlom, mmoja wa wachongaji hodari wa London. Imo katika mkusanyiko wa chapa 200 ambao mfanyabiashara John Boydell aliutoa mwaka 1777. Mandhari yenyewe Earlom hakuyabuni. Aliyatoa katika michoro ya Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma karne moja kabla yake. Claude aliweka kumbukumbu ya picha alizouza kwa kuzichora upya kwa kalamu na wino, ili waigaji wasimwibie jina.

Tazameni. Watu wanacheza kwa matari kwenye uwazi kati ya miti. Pana mifugo, mto mpana, kinu cha maji, na mbali kabisa milima iliyofifia. Claude aliipaka rangi mandhari hii mara mbili. Picha moja, ya mwaka 1648, iko London, na kwenye kisiki ameandika kwamba hiyo ni harusi ya Isaka na Rebeka. Nyingine iko Roma, haina maandishi hayo. Ngoma ni ileile, kinu ni kilekile. Mimi naona hapo ndipo penye siri ya picha za wachungaji: kisa kinaweza kuondoka na hakuna kitakachopungua. Kinachobaki ni utulivu, na utulivu ndio uliokuwa ukinunuliwa.

Sisi neno mchungaji linatupeleka malishoni na kanisani kwa pamoja. Wasomi wa Ulaya liliwapeleka pia kwa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, ambaye wachungaji wake hushindana kwa nyimbo kivulini. Ndiyo maana katika chapa hizi filimbi huonekana mara nyingi, na jasho huonekana kwa nadra sana. Hakuna anayetafuta mbuzi aliyepotea. Aliyewahi kuchunga anajua hilo si jambo dogo.

Jasho lilikuwa karakanani. Baada ya kuchora mistari kwa tindikali, Earlom aliyatia mabamba ya shaba vivuli kwa mbinu ya mezotinti. Bamba hukwaruzwa kwa chuma chenye meno mpaka liwe na vishimo vya kushika wino. Likichapwa hivyo, kivuli hujaa kote. Kisha mchongaji hulainisha taratibu pale anapotaka mwanga. Sogeeni mwone anga juu ya milima ile: mwanga ule ni karatasi tupu, mahali ambapo shaba ililainishwa hadi ikakataa wino.

Na wanunuzi? Mchoro halisi wa Claude ulikuwa mali ya matajiri wakubwa, lakini chapa iliweza kufika kwa watu wengi zaidi. Miaka hiyohiyo Bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria za kufunga ardhi za pamoja. Kati ya 1604 na 1914 zilipita zaidi ya 5,200, na karne ya 18 ilikuwa na fungu lake kubwa. Mwanakijiji aliyezoea kulisha ng'ombe wake mmoja kwenye uwanja wa wote alikuta umezungushiwa ua.

Sidai kwamba Earlom alikusudia kuficha hayo. Ila tangu nilipoyajua, kila ninapoitazama chapa hii jicho hunivuta kwenye nyasi, kuanzia miguuni mwa wachezaji mpaka ukingo wa mto. Nimezipitia mara nyingi. Hakuna ua.